Barua ya wazi kwa Mchungaji Kiongozi na Baraza la Wazee: acheni kuwapima watu mlangoni

Kwa Baba Mchungaji Kiongozi,
Kwa Wazee wa Kanisa wote,
Kwa wasimamizi wa wahudumu wa mlangoni,

Bwana Yesu asifiwe sana.

Shikamoo Baba Mchungaji, shikamooni wazee wangu. Naandika kama msharika wenu wa Kilutheri hapa Dar, mwanakwaya, mama wa jumuiya. Jina la usharika siliweki maana sina nia ya kuliaibisha kanisa langu, wahusika wakisoma watajijua tu, na najua kuna sharika zingine nyingi na hata makanisa mengine kabisa ambayo nao wakisoma watajiona humu.

Niseme kwanza kwanini nimetoka hadharani, sababu najua hilo ndio litasemwa kabla ya yote. Mtasema huyu mama angekuja ofisini tungeyamaliza. Jamani ofisini nimekuja. Nilianza na mzee anayesimamia mlango, mimi na yeye tu, kwa upole kabisa, akanijibu ni maelekezo kutoka juu. Nikarudi na wamama wenzangu wa jumuiya tukamwona mzee wetu wa mtaa, akasema atalifikisha. Baadae nikaandika barua, nikaipeleka kwa mkono, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, na mpaka leo sijajibiwa si kwa simu si kwa meseji. Bwana Yesu kwenye Mathayo 18 katupa utaratibu, nenda wewe peke yako, asiposikia chukua mwingine mmoja au wawili, asiposikia tena liambie kanisa. Nimefuata ngazi zote hizo, sasa naliambia kanisa.

Yanayoniumiza ni haya.

1. Pale mlangoni watu wanachaguliwa kwa nguo

Kuna kijana wa bodaboda, anapaki kituo cha hapo njia panda, wengi wenu amewabeba. Jumapili moja alikuja ibada ya kwanza akitokea kazini usiku kucha, reflekta mwilini, helmeti mkononi, miguuni ndala. Mhudumu akamshika mkono akamtoa nje mpaka kwenye turubai akamwambia ndani kumejaa. Hakukujaa. Sisi wanakwaya tunakaa tumeangalia watu, tunaona kila kitu, benchi za mbele zilikuwa tupu zimetandikwa vitambaa vyeupe zinasubiri watu fulani, na hao watu waliingia mahubiri yakiwa yamefika katikati, wakasindikizwa mpaka mbele kabisa na wengine tukainama kuwasalimia. Yule kijana alisikiliza neno la Mungu kwa spika iliyokuwa inakatakata, akatoa sadaka yake, akaondoka. Hajarudi.

Wazee wangu, Yakobo sura ya 2 tumeisoma wote. Pale anaingia mtu ana pete ya dhahabu na mavazi mazuri anaambiwa "Keti wewe hapa mahali pazuri", anaingia maskini ana mavazi mabovu anaambiwa "Simama wewe pale, au keti miguuni pangu". Yani mtu anaweza kudhani Yakobo alikuwa amesimama mlangoni kwetu. Na hakusema hayo ni mapungufu ya kibinadamu wala changamoto ya utaratibu, mstari wa 9 anasema mkiwapendelea watu mwafanya dhambi. Hiyo dhambi inafanyika kila Jumapili, tena wanaoifanya wamevaa beji za kanisa, na kabla ya ibada kuanza wameombewa ili wakahudumu vizuri.

Siwalaumu sana wale vijana na wamama wa mlangoni, wanajituma, wanasimama masaa na masaa, wao wanafanya walichoelekezwa. Ndio maana barua nimewaandikia nyie sio wao.

2. Mabinti wanaaibishwa mbele ya foleni

Lile boksi la khanga pale mlangoni naliomba liondoke. Binti akija na suruali au gauni ambalo mtu kaliona fupi, anasimamishwa hapo hapo watu wote wanaangalia, anapewa khanga ajifunge, na wapo wanaoambiwa rudi nyumbani ukabadilishe. Nimeshuhudia mmoja, binti ambaye mama yake amekuwa akimwombea arudi kanisani muda mrefu, siku hiyo ndio alikuja, na safari yake iliishia getini. Mama yake tuko nae kwaya. Aliimba siku ile machozi yanamtoka na wengi walidhani ni Roho.

Baadae ikasikika kumbe yule binti alitoka shifti ya usiku hotelini, hakuwa na muda wa kubadilisha, basi watu wakaanza masikini tungejua. Hapana jamani. Mimi hilo sikubaliani nalo kabisa, na hapa ndipo naomba mnielewe vizuri. Hata angekuwa ametoka disko, hata angekuwa na harufu ya pombe, pale ndio alikuwa amefika penyewe. Tusiwe watu wa kumpokea mtu baada ya kugundua kwamba ana sababu nzuri. Yule mwanamke aliyeingia nyumbani kwa Simoni Farisayo, Luka 7, hakuwa na sababu yoyote nzuri, mji mzima ulimjua ni mwenye dhambi, na Yesu akaacha miguu yake ioshwe kwa machozi yake. Aliyeulizwa maswali siku hiyo ni mwenye nyumba.

Najua mtaniletea 1 Timotheo 2:9, mavazi ya kujisitiri. Nakubali, na binti zangu nawafundisha hivyo hivyo. Ila huo mstari usomeni mpaka mwisho, unaendelea wala kwa dhahabu na lulu, wala kwa nguo za thamani. Sijawahi kuona mtu anazuiwa mlangoni kwa sababu kavaa dhahabu nyingi au gauni la bei mbaya. Na mtaniletea Kumbukumbu la Torati 22:5, mwanamke asivae mavazi yampasayo mwanamume, basi shukeni mpaka mstari wa 11 wa sura hiyo hiyo, umekataza nguo ya sufu na kitani pamoja, na sijasikia mzee yeyote akikagua lebo za suti ili ajue zimechanganywa kitambaa gani. Tumechagua mstari unaombana yule asiyeweza kujitetea, tukauacha unaotubana sisi.

3. Kijana wa kinanda

Hili ndilo lililonifanya niandike.

Huyu kijana tumemlea wenyewe. Sande skuli hapa, kipaimara hapa, kinanda kajifunza hapa kwa kukaa pembeni ya mwalimu wa kwaya anaangalia vidole. Alipofuga rasta aliitwa ofisini na kitu cha kwanza kuulizwa, namnukuu alivyonieleza mwenyewe, ni bangi ameanza lini. Hakuulizwa anaendeleaje na maisha, hakuulizwa kama bado anasali, wala hakuna aliyemuuliza mama yake anaendeleaje wakati wote tunajua mama yule anaumwa na anayemwogesha na kumpikia ni huyo huyo kijana. Akapewa masharti, akate nywele au aachie kinanda. Akaachia kinanda. Na hakuondoka peke yake, vijana kadhaa wa bendi wameondoka nae, siku hizi ibada ya vijana mnaiona wenyewe ilivyopoa.

Baba Mchungaji, naomba unisomee tena 1 Samweli sura ya 1. Hana alienda Shilo moyo umejaa uchungu, hana mtoto, anachokozwa na mke mwenza mwaka baada ya mwaka. Akaomba moyoni, midomo inacheza sauti haitoki. Na Eli kuhani alikuwa amekaa wapi? Biblia inasema alikuwa amekaa kitini pake penye mwimo wa hekalu. Mlangoni! Akamwangalia yule mama usoni, akaona midomo inacheza, akahitimisha kalewa, akamwambia aachane na pombe. Mtu anamlilia Mungu kwa maombi ambayo yatakuja kuzaa nabii, na mtumishi wa Mungu aliyekaa mlangoni anaona mlevi.

Ila Eli namheshimu kwa kitu kimoja. Hana alipojibu, si hivyo bwana wangu, mimi ni mwanamke mwenye huzuni rohoni, Eli alisikiliza. Hakusema mimi ndio kuhani hapa, wala hakusema suala lako tutalipeleka kwenye kikao. Pale pale alimwambia enenda kwa amani na Mungu akujalie haja yako. Yani kuhani mzima aligeuza kauli mbele ya mama asiye na cheo chochote. Na mtoto aliyepatikana kwa maombi yale ni Samweli, na Samweli huyo huyo alipokuwa mzee kaenda nyumbani kwa Yese, akamwona Eliabu, mrefu, ana sura ya kifalme, akajisemea hakika huyu ndiye, ndipo Bwana akamwambia yale maneno ambayo kila Mkristo anayajua, wanadamu huitazama sura ya nje, bali Bwana huutazama moyo. Daudi alikuwa machungani na kondoo, hata kuitwa hakuitwa na baba yake mzazi. Na alikuwa mpiga kinubi.

Kijana wetu alijibu vile vile alivyojibu Hana. Alisema mimi sivuti, nampenda Yesu, nywele zangu hazina uhusiano na imani yangu. Kwanini hakusikilizwa?

4. Majina na pesa

Hapa sitakaa sana maana kila mtu analijua. Siku ya mavuno na siku ya harambee ya jengo tunasomewa majina na viwango, mwenye kikubwa anaitwa mbele anapewa maiki na makofi, mwenye kidogo anasomwa haraka haraka na mwisho wanaunganishwa "na wengine". Mama anayeuza vitumbua asubuhi hapo getini ameniambia alishaacha kutoa kwa bahasha, anatumbukiza kwenye kapu, sababu anaona aibu kiwango chake kusomwa. Yesu alikaa akaangalia watu wanavyotia sadaka kwenye sanduku la hazina, na aliyemtaja ni mjane wa senti mbili, sio wale wengine. Sisi tumegeuza.

Na hii tabia ya kuamini suti imetugharimu, hilo nalo tuliseme. Yupo mtu alikuja kwetu na gari kubwa na maneno matamu, akakaa benchi la mbele toka Jumapili ya kwanza bila hata barua ya utambulisho kutoka alikotoka, akakabidhiwa mambo ya mabati ya jengo, na mnajua ilivyoisha. Kijana wa bodaboda alizuiwa mlangoni, huyu akafunguliwa mpaka ofisi ya mhasibu. Wote wawili walipimwa kwa macho tu, na kwa wote wawili macho yalidanganya.

5. Misiba

Akifa mwenye nafasi tunaona wachungaji wanajaa, joho jeupe mpaka makaburini, salamu za rambirambi hazina mwisho. Akifa fundi viatu wa mtaani familia inaulizwa kwanza kama marehemu alikuwa analipa ahadi yake ya sadaka, bahasha inatafutwa kwenye daftari huku maiti iko ndani, na mwisho anatumwa mwinjilisti peke yake. Wainjilisti wetu nawapenda, kazi wanafanya nzuri, tatizo sio wao. Tatizo mjane anaona, watoto wanaona, na hawatasahau.

Sasa najua majibu mtakayonipa, naomba niyapitie.

Mtasema kanisa lazima liwe na utaratibu. Kweli kabisa, uwepo. Wagonjwa, wazee, walemavu na wenye watoto wachanga watengewe sehemu nzuri, huo ndio utaratibu. Mtasema usalama, kuna vibaka wa simu wanaingia ibadani. Ni kweli wapo, nami nimeshaibiwa. Basi ulinzi uwe wa wote, mwizi akitaka kuiba kanisani ndio kwanza atavaa vizuri.

Mtaniambia vazi la arusi, Mathayo 22, yule jamaa aliyetupwa nje kwa kukosa vazi. Haya tuisome yote. Wale wageni waliokotwa njia panda, waovu kwa wema, ukumbi ukajaa, na aliyeingia kuangalia nani kavaa nini ni mfalme mwenyewe. Watumwa kazi yao ilikuwa kuita tu, hakuna mahali walipewa kukagua watu mlangoni. Na siamini kwamba vazi linalozungumzwa pale ni suti.

Kuna wanaosema ni hadhi ya kanisa. Kanisa gani? Historia ya Ukristo pwani yetu hii inawataja sana watumwa waliokombolewa, Bagamoyo kuanzia 1868 mapadri Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu waliwajengea watu hao makazi kule, Frere Town karibu na Mombasa mwaka 1875 Waanglikana nao wakafanya hivyo hivyo. Watu walionunuliwa na kuuzwa, wametolewa minyororo juzi tu, hao ndio walikaa benchi za kwanza. Sidhani kama kuna aliyewaambia kwanza mkabadilishe nguo.

Na lile jibu ambalo nimeshapewa kwa mdomo, kwamba kuna washarika wakubwa wanajisikia vibaya kukaa karibu na watu wa aina fulani, tuwavumilie kwa udhaifu wao. Hili lilinitisha sana, sababu limeshawahi kusemwa. Afrika Kusini, kanisa la Kidachi la Reformed, sinodi yao, yaani mkutano wao mkuu, ya mwaka 1829 ilisema meza ya Bwana ni moja kwa wote bila kujali rangi. Ikafika sinodi ya 1857 wakasema kwa sababu ya udhaifu wa baadhi, waumini wasio wazungu wanaweza kuabudu pembeni. Udhaifu wa baadhi, ndio maneno waliyotumia. Mwaka 1881 wakaundiwa kanisa lao la pembeni kabisa, na huko mbele ubaguzi wa serikali ukapata mahali pa kuegemea. Ilianza na kumhurumia mtu anayejisikia vibaya kukaa karibu na mwenzake.

Na sisi Walutheri wa Dar es Salaam ndio hatuna kisingizio hata kidogo. Mkutano mkuu wa Shirikisho la Kilutheri Duniani wa 1977 ulifanyika hapa hapa mjini kwetu, na hapo ndipo Walutheri wa dunia walitamka kwamba ubaguzi wa rangi kule Afrika Kusini unagusa imani yenyewe, sio siasa tu. Mkutano huo huo ukamchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa rais, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Tamko lile lilitoka kwenye mji huu wazee wangu, haiwezekani leo kwenye mji huo huo mtu atolewe ndani kwa sababu ya reflekta.

Ninachoomba sio kikubwa na hakihitaji harambee. Vile vitambaa vyeupe vya kutengea watu benchi vitoke, anayewahi akae anapopakuta. Boksi la khanga litoke, na kama kuna haja ya kuongea na binti kuhusu mavazi basi wamama tumejaa, tutaongea nae kwa siri na kwa upendo akishazoeana na sisi, hata ikichukua mwaka. Wahudumu wa mlangoni wapewe semina, wafundishwe kusalimia, na waandikiwe kabisa kwamba hakuna mwenye mamlaka ya kumrudisha mtu aliyekuja kuabudu. Kusoma viwango vya pesa kwa majina kukome. Kwenye msiba, kila msharika azikwe na mchungaji, na daftari la ahadi lisiguswe mpaka siku tatu zipite.

Na Baba Mchungaji, hili nakuomba wewe binafsi, usitume mtu. Nenda nyumbani kwa yule kijana wa kinanda, kaa nae, msalimie mama yake, muombe arudi kwenye kinanda chake na rasta zake kichwani. Na yule wa bodaboda yupo kituoni kila siku, mzee wa mtaa anamjua.

Naomba jibu lisomwe kwenye matangazo ya Jumapili, ibada zote, kabla hatujaingia Majilio, na kiitishwe kikao cha washarika tuyajadili haya tukiwa wote. Ikipita hapo kimya nitapeleka nakala kwa Mkuu wa Jimbo pamoja na ile barua yangu yenye muhuri wenu. Kanisa sihami, kwaya siachi.

Wenu katika Kristo,
Msharika na mwanakwaya, mama wa jumuiya